Sufuria ya Siki na Jicho Lililobaki

Nyundo hakuwa mtu wa kutafuta silaha. Alipiga kwa chochote alichokuwa nacho mkononi. Akiwa ameshika spana, ilikuwa spana. Akiwa ameshika kikombe, ilikuwa kikombe, chai na yote. Mafundi waliopita kwenye gereji yake walitoka na alama, huyu pengo mdomoni, yule kidole kisichokunjika, na wote walitoka na ufundi. Hilo la ufundi lazima lisemwe, maana ndilo lililowafanya wavumilie. Nyundo alikuwa akisikiliza injini ikikohoa barabarani, kabla haijafika getini, na alishajua inaumwa nini.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Huyo ndiye mtaa mzima ulikuja kumwita Sufuria, na habari hii ni yake. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi upande mmoja na gereji upande wa pili. Alijifunza kusoma mikono ya baba yake kama wengine wanavyosoma mawingu. Mkono wa kulia ukitulia pajani, kuko salama. Ukianza kupapasa meza bila macho kuutazama, simama uondoke, na usiulize unakwenda wapi.

Alipofika umri wa kuolewa alimchagua fundi mmoja humo humo gerejini, mtu mpole, mwepesi wa kucheka, mwenye vidole vyembamba vilivyoingia mahali ambapo vya wengine vilikwama. Nyundo hakutaka mahari ya aina yoyote. Alitaka kitu kimoja: mkwe asiondoke. Atafanya kazi hapo, atalala kwenye vyumba vya nyuma ya gereji, na atafanya hivyo mpaka Nyundo mwenyewe atakapochoka.

"Baba," binti aliuliza mbele ya wajomba, "unapata mkwe au unapata punda?"

Nyundo alikuwa ameshika plagi. Aliirusha, ikapita kando ya sikio la bibi harusi mtarajiwa, ikapasua kioo cha dirisha. Wajomba wakaendelea kunywa chai, na ndoa ikapita.

Kwenye kona ya gereji kulikuwa na ndoo ya bluu yenye mfuniko. Ndani yake Nyundo alichanganya tina ya kuyeyushia rangi, petroli, na kitu kingine alichonunua kwa mtu mmoja mwenye midomo iliyoungua, kitu kilichokuja kwenye dumu lisilo na maandishi. Kabureta iliyoganda utando wa mafuta ya zamani ilitumbukizwa humo ikatoka nyeupe kama jino la mtoto. Ngozi ya vidole nayo ilitoka nyeupe, kisha ikabanduka. Mtu akiuliza glavu, aliambiwa glavu ni za wapishi wa hotelini.

Siku jicho lilipokwenda, mkwe alikuwa na kabureta ya pampu ya maji, kongwe, tundu zake zimeziba kabisa. Aliitoa ndooni ikichuruzika. Akaweka mdomo wa kompresa kwenye jeti, kile kipande chenye kitundu cha kupitishia petroli, ili upepo uisukume takataka itoke upande wa pili. Nyundo alikuwa nyuma yake akimhimiza, kwamba hata bibi kizee angekuwa amemaliza. Upande wa pili haukufunguka. Upepo ukarudi ulikotoka, na ile dawa nayo ikarudi, moja kwa moja usoni.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaanza kupapasa sakafu akitafuta maji. Kitu cha majimaji kilichokuwa karibu kilikuwa ile ile ndoo. Mikono yake iliishika ukingoni, akainama aingize uso mzima. Mke wake, aliyekuwa ameleta chakula cha mchana, alimwahi akamvuta kwa nywele hadi shingo ikalia.

Hospitali walisema jicho la kushoto limekwisha. La kulia lilikuwa limeguswa kidogo, litapona, lakini likiungua tena hakuna wa kumlaumu. Nyundo alipopelekewa habari alikuwa akiigongesha ile kabureta sakafuni, maana bado ilikuwa imeziba.

"Mungu alimpa mawili kwa sababu hiyo," alisema.

Tangu hapo mkwe aliitwa Chongo. Na tangu hapo mke wake alikuwa na jambo moja tu maishani: hilo jicho la kulia. Wako watakaosema ni mapenzi, na huenda yalikuwepo. Lakini yeye alilipima jambo kama mtu anayeishi duniani. Fundi mwenye jicho moja bado ni fundi. Fundi asiye na jicho hata moja ni mtu wa kuongozwa chooni, na anayeongoza atakuwa yeye, mpaka mmoja wao azikwe.

Hakuwa na dawa ya kubadilisha na ile ya ndooni. Aliipata jikoni, bila kuitafuta. Birika lao lilikuwa limejaa ukoko mweupe wa maji ya chumvi, akalichemshia vipande vya ndimu, na ule ukoko ukabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Akakumbuka ule unga mweupe unaokaa ndani ya kabureta iliyolala na petroli yenye maji. Akatazama birika. Akatazama ukuta, ambao upande wake wa pili ilikuwepo gereji.

Kabureta ya kwanza aliiharibu. Ilikuwa ya pikipiki ya muuza nyama wa pale kona. Aliizamisha kwenye siki tupu, maana nayo ni kali kama ndimu, raba zake zikiwa bado ndani, akaiacha hadi kesho yake akidhani kinachokaa sana ndicho kinachosafika sana. Ilitoka ya kijivu, imeliwa mashimo kama mfupa wa kale, na raba zimevimba. Muuza nyama alikuja na aproni yake yenye damu, hakusalimia, akampiga Chongo ngumi ya upande wa kushoto, upande ambao Chongo hakuwa na namna ya kuiona ikija.

Mke alikuwa na mfuniko wa sufuria mkononi. Baba yake alikuwa amemlea vizuri kwa jambo hilo. Aliutumia ule ule.

Muuza nyama alikaa chini akiwa ameshika pua, damu yake sasa imechanganyika na ya ng'ombe.

"Dada, umenivunja pua."

"Ulileta pua mahali pa ngumi. Kaa hivyo hivyo, usiinamishe kichwa." Akampa kitambaa. "Sasa tuzungumze. Nitakutafutia kabureta nyingine kwenye chuma chakavu, nitaisafisha, nitaifunga mwenyewe. Ikikusumbua, rudi. Ukirudi, utampiga upande anaoona."

"Na pua?"

"Pua ni ya kwako. Jicho lake ni la kwangu. Hapo tumelingana."

Muuza nyama alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa biashara. Akakubali, na ndiye aliyekuja kuwa mteja wake wa kwanza wa kudumu, na wa kwanza kumtangaza.

Kutokana na lile kosa, kazi ilipata taratibu zake. Kwanza kila raba inatolewa, hata ile ndogo inayojificha chini ya skrubu. Utando wa mafuta unaondolewa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kwa mswaki uliochakaa, mpaka maji yaache kuteleza. Ndipo inakuja siki, nayo inakatwa nusu kwa maji ya moto, au ndimu ikichemshwa pale siki inapokosekana. Na kabureta inatoka kabla sufuria haijapoa, hata kama haijang'aa. Kama haijang'aa, irudie. Usiiache. Kisha inaogeshwa kwa maji yenye magadi ili ule ukali ufe, maana siki ikibaki ndani itaendelea kula chuma ukiwa umelala. Magadi nayo yanasuuzwa upesi, la sivyo chuma kinakuwa cheusi. Tundu za jeti zinapitishwa uzi mmoja wa shaba uliochunwa kutoka kwenye waya wa umeme, kamwe si sindano, maana sindano inapanua tundu na injini inakuwa mlevi. Mwisho unapuliza kwa pampu ya baiskeli, uso umegeuzwa pembeni, halafu juani.

Alikuwa na sufuria ya chakula na sufuria ya chuma, na mtu aliyezichanganya alijuta. Meko ya ile ya pili aliyaweka nje, kwenye ukuta wa gereji, chini ya bati moja. Chongo alikaa hapo naye, mbali na ndoo. Wapita njia walicheka.

"Sufuria, leo tunakula nini?"

"Kabureta. Lete mchele."

"Na chongo wako anakula?"

"Anakula wanaouliza."

Jina likamganda, naye hakuligombea. Wenye pikipiki walianza kuja kwake moja kwa moja. Kabureta zake hazikunuka, raba hazikuvimba, na aliyeleta chombo aliruhusiwa kukaa na kutazama kila kinachoingia majini. Kwa Nyundo ukikaa kutazama ulipigwa na kitu.

Nyundo aliona. Alivumilia muda mrefu kuliko wengi walivyotarajia, kisha asubuhi moja akatoka, akaipiga ile sufuria teke ikiwa inachemka.

Maji yalimwagikia mguu wa binti yake, kuanzia kifundo hadi vidole. Ngozi ikanyanyuka pale pale. Chongo alisimama katikati yao na Nyundo akamcharaza mbavuni kwa mkanda wa feni, mara moja, mara nyingine, akisema kila pigo na neno lake: mkataba, mkwe, mkataba, mkwe. Chongo alikuwa na nguvu za kumkunja yule mzee na kumweka mfukoni. Hakuinua mkono. Mtu hampigi baba wa mke wake. Alifundishwa hivyo akiwa mtoto na hakuwahi kujifunza vinginevyo. Alisimama tu akigeuza uso, akilinda jicho kwa kiganja, na akapokea.

"Nilikubali kutoa mtoto nikapewa fundi," Nyundo alisema alipoishiwa pumzi. "Fundi yuko nje anacheza mapishi. Kesho anarudi kwenye ndoo."

"Harudi," alisema Sufuria akiwa chini, mguu ndani ya beseni la maji baridi.

"Basi toeni vitu vyenu vyumbani mwangu leo."

Nje ya vile vyumba hawakuwa na pa kwenda, na baba yake alilijua hilo kuliko yeye. Sufuria alisema kwa sauti ya mtu anayenunua vitunguu.

"Baba, yule mwenye mapampu ya kumwagilia bustani ameleta mzigo jana."

"Ameleta. Wewe unahusika nini?"

"Kabureta nyingi, zote kongwe. Zigawe nusu. Nusu ndoo yako, nusu sufuria yangu. Mwenyewe aje azijaribu zote hapa getini. Yangu ikishindwa hata moja, namleta mume wangu kwenye ndoo kwa mkono wangu. Zikiwaka zote, ndoo inaondoka."

"Unaweka jicho lake mezani?"

"Wewe ulishaliweka. Mimi natafuta bei tu."

Nyundo alicheka. Kucheka kwake kulikuwa nadra na hakukupendeza. Muuza nyama, aliyekuwa amesimama hapo na pikipiki yake akingoja, aliombwa awe shahidi. Akakubali kwa masharti kwamba asiguswe pua.

Sufuria alifanya kazi mguu ukiwa umefungwa kitambaa na kunuka. Chongo alifungua, akachambua raba, akapanga vifaa kwenye trei kwa mpangilio wake. Upande wa pili wa ukuta Nyundo alitumbukiza zake ndooni na kuwaachia mafundi wake, na mambo hayakumwendea. Zile kabureta zilikuwa na floti, vile viboya vinavyoelea ndani, za plastiki ya zamani, na ile dawa ya dumu haikuipenda plastiki ya zamani. Floti zililainika zikajikunja kama masikio. Nyundo alimpiga fundi mmoja kwa trei. Fundi akavua ovaroli, akaiacha sakafuni na kwenda zake, na mwenzake akamfuata.

Basi mzee alibaki na kabureta zilizosalia, bila watu, na mwenye mapampu angefika mchana ule. Alichofanya ni kitu ambacho angeweza kukifanya yeye tu, mtu aliyeamini maisha yake yote kwamba dawa isiyouma si dawa. Alikwenda nyuma ya ukuta wakati binti yake amefuata maji, akachukua dumu lake la siki. Lakini siki ni kitu cha kachumbari. Hakuweza kuitegemea ilivyo. Akachukua na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, ile ya kufulia mashuka. Hii inasafisha na hii inasafisha, akawaza, zikiwa pamoja zitakimbia. Na kwa kuwa asingekubali mtu yeyote amwone akiiga mapishi ya mtoto wake, alivipeleka vyote kwenye stoo ya matairi, chumba kisicho na dirisha ila tundu moja la hewa juu. Alimwita Chongo.

"Mkwe, njoo unipulizie jeti. Ni siki tu, siki ya mkeo. Au nayo unaiogopa?"

Chongo aliingia. Ilikuwa siki, na mzee alikuwa peke yake. Nyundo akatia komeo kwa ndani.

Sufuria aliporudi na ndoo za maji, hakukuta dumu wala mume. Kisha pua yake ikakuta kitu. Harufu ile alikuwa ameinusa mara moja, siku shangazi yake, aliyekuwa akiwafulia watu nguo, alipomimina siki kwenye beseni lenye dawa ya mashuka ili mashati ya mteja yawe meupe zaidi. Walimkuta amelala mlangoni mwa bafu, ulimi nje. Alipona, ila hakuwahi tena kupanda ngazi bila kupumzika katikati.

Harufu ilitoka chini ya mlango wa stoo. Ndani alisikia kikohozi cha mumewe, na sauti ya baba yake, nayo ikikatikakatika, ikisema, "Shika, mwanamume. Shika, inakaribia."

"Fungua, baba. Hiyo ni sumu."

"Nenda kapike."

Hakuomba mara ya pili. Kwenye ukuta kulikuwa na mtarimbo wa kutolea matairi. Aliuingiza penye komeo akaegemea kwa uzito wake wote, ule mguu uliobabuka ukiwa ndio wa kusukumia, na mbao zikapasuka.

Ukungu wa rangi ya majani yaliyokauka ulikuwa umetanda karibu na sakafu. Chongo alikuwa amepiga magoti karibu na beseni, viganja viwili usoni, akikohoa bila kupata nafasi ya kuvuta hewa. Nyundo alikuwa bado amesimama, macho yanamwagika, spana ya magurudumu mkononi. Alipomwona binti yake mlangoni akitazama lile beseni, lile dumu la siki, ile siri yake, alifanya alichozoea. Alipiga. Spana ilimpata begani na mkono wa kushoto wa Sufuria ukafa ganzi.

Alibaki na wa kulia, na mtarimbo ulikuwa humo mkononi.

Pigo la kwanza lilikwenda kwenye mkono wa baba yake, juu kidogo ya kiwiko, na mfupa ulilia kama bomba kavu la plastiki. Spana ikaanguka. Pigo la pili halikuwa la lazima. Alilipiga. Lilikwenda gotini na mzee akalala chini kwenye ule ukungu, ambako ulikuwa mzito zaidi.

Alimshika mumewe ukosi wa shati akamburuza nje hadi penye upepo. Alisimama. Alitazama mlango. Hakuna aliyemwona akifikiri wakati ule isipokuwa muuza nyama, aliyekuwa amefika kushuhudia, na muuza nyama alisema baadaye kwamba ilikuwa fikra ndefu. Kisha akavuta pumzi, akafunga mdomo, akaingia, akatoka na baba yake akimvuta kwa mkanda wa suruali, kichwa kikigonga kizingiti.

"Mtu asiingie humo," alisema. "Acheni mlango wazi."

Alimlaza Chongo chali, akamfungua jicho la kulia kwa vidole viwili, kwa nguvu, maana lilikuwa limejifunga kama chaza, na akaanza kumimina maji aliyokuja nayo. Alimimina taratibu, kutoka pembe ya pua kwenda nje. Jicho lilikuwa jekundu mpaka mboni haikujulikana ilipo. Ndoo ya kwanza iliisha. Chongo alipigapiga miguu.

"Unaniona?"

"Sioni kitu, mke wangu."

"Tulia basi."

Hatua chache kutoka hapo Nyundo alikuwa akitapika povu. Macho yake nayo yalikuwa yamevimba. "Maji," alisema. "Nami niletee maji."

"Ya huyu kwanza."

"Naungua, mtoto wangu."

"Najua. Nimeshaona mtu akiungua hapa gerejini kwako." Aliendelea kumimina. "Baba, unanisikia vizuri? Ile ndoo ya bluu inaondoka leo."

"Utamuuzia maji baba yako?"

"Ndoo inaondoka leo. Huyu hashiki tena dawa yoyote asiyochanganya mwenyewe. Vyumba vya nyuma ni vyetu, hutatutoa. Na mkono wako hauinuki tena humu ndani, wa kulia wala wa kushoto."

"Wa kulia umeshauvunja, shetani wewe."

"Basi umebaki mmoja wa kuahidia."

Nyundo alikohoa damu kidogo. Alijaribu kuamka, goti likakataa. Aliwatafuta kwa macho yasiyoona watu waliokuwa wamekusanyika, na wale watu, ambao kila mmoja alikuwa na alama kutoka kwa mzee, au ndugu yake alikuwa nayo, walitazama viatu vyao.

"Sawa," alisema.

"Sema kwa sauti. Kuna shahidi."

"Nimesema sawa. Yote."

Alimpelekea maji. Alimwosha macho kwa utaratibu ule ule, kutoka pembe ya pua kwenda nje, bila kumwumiza zaidi ya ilivyohitajika. Kazi ni kazi. Kisha muuza nyama akawapakia wote wawili kwenye toroli la nyama na kuwasukuma hadi hospitali, akilalamika njia nzima kwamba wanamchafulia toroli.

Mwenye mapampu alifika mchana akamkuta Sufuria peke yake getini, bega limevimba, mguu umevimba. Alizijaribu za sufuria moja baada ya nyingine na zote ziliwaka. Zile za kwenye beseni la stoo zilikuwa zimetoka nyeusi, zimeliwa, hazifai hata kwa kuzuia mlango. Alitaka kuanza kugomba. Akamtazama yule mwanamke, akautazama mtarimbo ulioegemea ukutani, akachukua zilizo nzima na kuomba nambari ya kumpigia siku nyingine.

Ile ndoo ya bluu aliifunga mfuniko kwa waya, akaitoa nje ya geti siku hiyo hiyo. Yule wa midomo iliyoungua alipokuja na dumu jipya, alikabidhiwa hiyo ndoo, na akaambiwa akionekana tena kwenye lile geti ataondoka ameinywa.

Nyundo alirudi mkono ukiwa umeunga vibaya, umepinda nje kama mpini wa kikombe, na goti lisilokunjika. Hakuweza kushika spana. Sufuria hakumfukuza. Mzee alikuwa na sikio lake bado, na ulimi wake wa kupatana na wateja ulikuwa haujavunjika, na kwa kazi hizo mbili gereji haikuwa na mtu mwingine wa kuzifanya. Alimwekea kiti getini. Pikipiki ilipokuja mzee alifumba macho, akasikiliza, akasema, "Kabureta. Upande wa chini. Mpelekee mpishi." Hakuwahi kuomba radhi wala hakuombwa. Kuna siku mkono wake wa kushoto ulianza kupapasa chini ya kiti. Sufuria aliacha alichokuwa akifanya, akaja, akasimama mbele yake mpaka ule mkono ukarudi pajani.

Jicho lilikaa limefungwa kwa muda ambao hakuna aliyependa kuuhesabu. Chongo alilala chumbani na kitambaa chenye maji, akisikiliza kompresa upande wa pili wa ukuta. Alijifunza kuchambua raba kwa vidole, kwa kuwa vidole vilihitaji kazi. Mke wake alimletea trei kitandani na kumsahihisha bila huruma: hii si ya hapa, rudia. Usiku hakulia. Alikuwa akipiga hesabu ya namna mtu kipofu anavyoweza kulishwa na sufuria moja.

Asubuhi daktari alipokuja kuondoa kitambaa, hakusema limepona wala halijapona. Alisema wajaribu. Sufuria alimwongoza mumewe hadi nje, penye bati, akamkalisha akielekea jua, akatia mkono kwenye maji ya magadi na kutoa jeti ndogo kuliko zote, ya pikipiki ya muuza nyama. Aliisuuza, akaifuta kwa upindo wa kanga, akampa.

"Tazama kama imezibuka."

Chongo aliinua ile jeti hadi kwenye jicho la kulia. Akauegemeza mkono kwa mwingine. Muuza nyama aliacha kutafuna. Getini Nyundo aligeuza shingo.

Alikaa hivyo, mdomo wazi kidogo, akiisogeza jeti huku na huku kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo.

"Imezibuka?" aliuliza mke wake.

"Nusu. Kuna kijitaka kimekaa kulia, kama unywele."

Sufuria aliinyakua jeti, akaitazama mwenyewe juani. Ndani ya tundu, upande wa kulia, kulikuwa na kijitaka chembamba. Akamrudishia pamoja na uzi wa shaba.

"Basi kitoe," alisema, na akainama kupuliza moto.